Masikio Mawili na Hesabu ya Wakati

Katika mwaka wa 1876 maswali mawili juu ya usikivu wa binadamu yaliulizwa katika nchi mbili zilizotengwa na bahari, na wanachuoni wawili ambao kila mmoja alikuwa mahiri katika elimu ya sauti, wala hapakuwa na mtu zama zile aliyedhani kwamba maswali hayo, ambayo kwa sura yalikuwa mbalimbali kabisa, yangekuja kupata jawabu moja. Na kwa kuwa ilipita miaka zaidi ya 70 kabla ya jawabu hilo kudhihiri, ni haki tuisimulie habari yake kwa taratibu, tangu shina.

Swali la kwanza liliulizwa Marekani, katika mji wa Hoboken, na Alfred Mayer, mwalimu wa fizikia, ambaye alisikiliza mlio wa saa ndogo ya mfukoni pamoja na mlio wa saa kubwa, akatambua kwamba kila mara milio hiyo ilipoangukiana, ule wa saa ndogo ulitoweka kana kwamba haukutolewa kamwe. Aliendelea kulichunguza jambo hilo kwa ala nyingine, hata akafikia kanuni ambayo waliomfuata waliithibitisha kwa jumla, kwamba sauti nene yenye nguvu huweza kuifunika sauti nyembamba hata msikilizaji asijue kuwa ipo, ilhali sauti nyembamba ni vigumu mno kuifunika sauti nene. Swali la Mayer basi lilikuwa hili: sauti moja huifichaje nyingine?

Swali la pili liliulizwa Uingereza na Lord Rayleigh, ambaye jina lake la kuzaliwa ni John William Strutt, bwana wa mashamba ya Terling katika jimbo la Essex, na ambaye baadaye, mwaka wa 1904, alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Yeye alisimama nje penye nyasi, macho ameyafumba, watu wakamzunguka kwa mbali, na kila mmoja kwa zamu yake akatamka neno, naye kazi yake ikawa kueleza sauti ilikotoka. Sauti ya mtu ilimbainikia upande wake kwa neno moja tu. Lakini alipotumia uma wa sauti, yaani kile chuma cha panda mbili ambacho kikigongwa hutoa mlio mmoja safi usio na mchanganyiko, aliweza kupambanua kulia na kushoto bila taabu, ila mbele na nyuma vikamtatiza. Swali la Rayleigh lilikuwa: sauti yatoka wapi, nasi twajuaje?

Kuhusu kulia na kushoto palikuwa na jawabu tayari, tena jawabu lenye kuridhisha kwa mtazamo wa haraka, kwamba kichwa ni kizuizi, na kwa hiyo sikio lililo upande wa pili hupokea sauti iliyofifia. Walakini Rayleigh alikuwa mwanahesabu kabla ya kuwa msikilizaji, na hesabu zake mwenyewe zilimkatalia. Mlio mnene wa mizunguko 128 kwa sekunde una wimbi lenye urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu, na wimbi la kadiri hiyo hukizunguka kichwa cha mtu pasipo kupungua kwa kiasi cha kutambulika, hata masikio yote mawili yakapokea nguvu ile ile. Na hata hivyo msikilizaji hujua upande. Kilichosalia kuwa sababu kilikuwa kimoja tu, nacho ni wakati: wimbi hulifikia sikio la karibu kabla ya kulifikia la mbali. Lakini fikra hiyo ilipingana na kauli ya Hermann von Helmholtz, imamu wa elimu ya sauti katika karne ile, aliyefundisha kwamba sikio halijali mpangilio wa kupanda na kushuka kwa mawimbi, bali nguvu zake tu. Rayleigh aliiheshimu kauli hiyo, na jambo likalala kwa muda wa miaka 30.

Hapakukosekana dalili katika muda huo, na hata kabla yake. Heinrich Wilhelm Dove wa Berlin alikwisha kugundua, mnamo mwaka wa 1839, kwamba milio miwili iliyotofautiana kidogo, kila mmoja ukipelekwa katika sikio lake peke yake, huzaa ndani ya kichwa mapigo ambayo hayapo hewani. Na Silvanus Thompson, huko Bristol, alilirudia jambo hilo katika miaka ya 1870 kwa mirija na uma za sauti. Mwenye kuyatafakari majaribio hayo kwa makini angeliona kwamba mahali fulani katika ubongo habari za masikio mawili hukutana zikiwa bado na saa zake kamili. Hakuna aliyelisema hilo waziwazi.

Katika mwaka wa 1907 Rayleigh, akiwa sasa mzee wa miaka 64, alilirejea swali lake, akachukua uma mbili za sauti zilizokaribiana mno kwa mlio, akaupeleka mlio wa kila moja katika sikio moja. Kwa kuwa uma hizo hazikulingana sawasawa, wimbi la upande mmoja lilitangulia kidogo, kisha likafikiwa, kisha likapitwa, na mzunguko huo ukaendelea polepole. Na msikilizaji aliyeketi kati alisikia sauti moja tu, ambayo ilitembea kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi, hali nguvu ya uma hizo haikubadilika. Kila wimbi la kulia lilipotangulia, sauti ilikuwa kulia. Lilipotangulia la kushoto, sauti ilihamia kushoto. Rayleigh alikubali mbele ya ulimwengu kwamba katika milio minene ni wakati unaoongoza, na katika milio myembamba ni kivuli cha kichwa. Mimi huihesabu makala ile ya 1907 kuwa miongoni mwa matendo ya heshima kubwa katika elimu ya maumbile, kwa sababu mtu aliyekwisha kupata kila tuzo aliiacha rai aliyoishi nayo nusu ya umri wake, kwa ushahidi wa uma mbili.

Inafaa tusite hapa ili tuupime wakati wenyewe, maana udogo wake ndio ajabu yote. Sauti hewani huenda kadiri ya mita 340 kwa sekunde, na njia ya kukizunguka kichwa kutoka sikio moja hadi la pili ni fupi kiasi kwamba hata sauti inayotoka ubavuni kabisa huchelewa kulifikia sikio la mbali kwa chini ya sehemu 7 za elfu kumi za sekunde. Huo ndio upeo. Na kiwango cha chini kabisa ambacho msikilizaji aliyezoea anaweza kukitambua, kwa vipimo vilivyofanywa katikati ya karne ya 20, ni karibu sehemu 10 za milioni za sekunde. Seli ya neva inapotuma habari, pigo lake moja hudumu kadiri ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo ubongo hupima muda ambao ni mfupi mara mia kuliko pigo la chombo chake chenyewe cha kupimia. Wahandisi wa saa wangelifurahi kuwa na ustadi huo.

Vita Vikuu vya mwaka wa 1914 viliitoa elimu hii katika vyumba vya majaribio, vikaitia katika mashimo ya askari. Mizinga ilifichwa nyuma ya vilima, ndege zilikuja usiku, na njia iliyobaki ya kuvijua vilipo ilikuwa ni kusikiliza. Huko Ujerumani wanasaikolojia wawili, Erich von Hornbostel na Max Wertheimer, walitengeneza chombo chenye vipokezi viwili vilivyotenganishwa kwa nafasi kubwa, kila kimoja kikiwa na mrija uliofikia sikio moja, na kwa hila hiyo masikio ya askari yakawa kana kwamba yametengwa kwa mita nzima au zaidi, hata tofauti ya wakati ikakuzwa na upande ukabainika kwa usahihi ambao kichwa cha kawaida hakiwezi. Waliyoyapata wakayachapisha mwaka wa 1920, na kiini chake ni kwamba upande wa sauti hutegemea tofauti ya wakati, wala si kitu kingine.

Hornbostel huyu si mgeni kabisa kwetu. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa hazina ya sauti ya Berlin, ambako nyimbo za mataifa mengi ziliwekwa katika nta, na mwaka wa 1909, miaka mitano kabla ya vita, alichapa uchambuzi mrefu wa nyimbo za Wanyamwezi. Masikio yale yale yaliyozifuata sauti za Unyamwezi, ubeti kwa ubeti, ndiyo yaliyokuja kupima sehemu ndogo za sekunde katika mngurumo wa mizinga. Watawala wa Kinazi walipoingia mwaka wa 1933, Hornbostel, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, alilazimika kuihama nchi yake, akafariki Cambridge mwaka wa 1935. Wertheimer naye alihamia New York. Chombo chao cha kusikilizia kilikuja kupitwa na rada, na ni wachache siku hizi wanaokumbuka kwamba kilikuwapo.

Na swali la Mayer? Hilo lilikuwa limeshika njia nyingine, njia ya simu. Makampuni ya simu yalitaka kujua ni kelele kiasi gani inayoweza kuvumilika katika waya kabla ya maneno kupotea, na mwaka wa 1924 Wegel na Lane, watafiti wa makampuni hayo huko Marekani, walipima kwa kina jinsi mlio mmoja unavyoufunika mwingine. Lakini simu ina tundu moja na sikio moja, na kwa sababu hiyo elimu yote ya kufunikwa kwa sauti ikajengwa juu ya sikio moja, kana kwamba la pili ni akiba tu iliyowekwa kwa siku ambayo la kwanza litaharibika.

Vita vya pili ndivyo vilivyoyakutanisha maswali. Mwaka wa 1940 serikali ya Marekani ilikuwa na shida ya dhahiri: marubani hawakusikilizana ndani ya ndege, kwa wingi wa kelele za injini, na amri iliyopotea angani ilikuwa na thamani ya roho za watu. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya jengo la ukumbusho liitwalo Memorial Hall, ilianzishwa maabara ya saikolojia ya sauti iliyoongozwa na Stanley Smith Stevens, na miongoni mwa vijana waliofanya kazi humo alikuwamo Joseph Licklider, ambaye siku za baadaye alipata sifa kwa fikra zake juu ya kompyuta, na Ira Hirsh, aliyeutoa umri wake kwa ajili ya viziwi katika mji wa St. Louis.

Licklider alifanya jambo ambalo fundi yeyote wa redio angeliweza kulifanya kwa dakika moja. Rubani huvaa visikizio viwili, kimoja kwa kila sikio. Ukizibadilisha mahali waya mbili za kisikizio kimoja, basi katika nukta ile ile ambayo utando wa kulia unasukuma hewa, wa kushoto unaivuta. Nguvu ya sauti haibadiliki hata chembe. Kelele ikiachwa iingie masikioni pote kwa mwendo mmoja, na maneno yakaingia kwa mwendo uliogeuzwa, maneno yaliyokuwa yamezama huibuka yakasikika. Na kinyume chake ni kweli pia: maneno yakiwa kwa mwendo mmoja na kelele imegeuzwa, maneno husikika vema kuliko vyote viwili vinapofuatana. Hali mbaya kuliko zote ndiyo ile ambayo watu wote walikuwa wakiitumia, yaani sauti na kelele kufanya safari moja kwa masikio yote mawili. Makala yake ilitoka mwaka wa 1948.

Mwaka huo huo Hirsh alichapisha majaribio yaliyotumia milio safi badala ya maneno, na hapo jambo likapata hesabu zake. Waliomfuata wakaongeza vipimo, hata ikathibitika kwamba mlio wa mizunguko 500 kwa sekunde, ukigeuzwa katika sikio moja, husikika katika kelele hata ukipunguzwa kadiri ya desibeli 15, maana yake nguvu yake ikiwa imepunguzwa mara 30 hivi. Katika milio inayozidi mizunguko 1,500 au 2,000 faida hiyo hunywea, ikabaki kadiri ya desibeli 3. Lakini jaribio ambalo mimi siwezi kulitaja pasipo kustaajabu ni lile la sikio moja. Mtu awekewe katika sikio la kulia kelele pamoja na mlio hafifu, uliopunguzwa hata asiusikie. Kisha, bila kugusa chochote katika sikio hilo, aongezewe katika sikio la kushoto kelele ile ile pasipo mlio. Kelele imezidi, mlio haukuongezwa, sikio la kushoto halina habari yoyote ya mlio. Na mlio ule uliokuwa umefichika hutokeza ukasikika. Kwa mantiki ya sikio moja, ambayo ndiyo mantiki ya Mayer na ya watu wa simu, tukio hilo ni muhali.

Kwa nini iwe hivyo? Maelezo yaliyofungua mlango aliyatoa F. A. Webster mwaka wa 1951, na ndiyo yaliyoufunga ule uzi wa 1876. Kelele ikiingia masikio yote mawili kwa mwendo mmoja, mawimbi ya kulia na kushoto hupanda na kushuka pamoja, na tofauti ya wakati baina yake ni sifuri. Tia sasa mlio uliogeuzwa: katika sikio moja unaongezeka juu ya wimbi la kelele, katika jingine unapungua humo, na kwa sababu hiyo jumla ya kulia na jumla ya kushoto haziendi tena sawia, bali moja hutangulia kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha nyingine. Ubongo hauutambui mlio kwa nguvu zake, maana nguvu hizo zimemezwa. Huutambua kwa fujo ndogo uliyoitia katika hesabu ya wakati. Kipimo kile kile kinachomwonyesha mtu sauti ilikotoka ndicho kinachomfunulia sauti iliyofunikwa. Mwaka wa 1963 Nathaniel Durlach wa chuo cha MIT huko Marekani alileta njia nyingine ya kulieleza jambo: ubongo husawazisha habari za masikio mawili, kisha huondoa moja katika nyingine, kelele iliyo sawa pande zote ikafutika, na sauti iliyo tofauti ikabaki. Ili hesabu zake zikubaliane na watu wa kweli, Durlach alilazimika kuingiza humo upungufu wa ubongo wenyewe, yaani mtetemo mdogo wa wakati katika neva, kwani kama usawazishaji ungelikuwa kamili, kelele iliyo sawa pande zote isingeweza kuficha sauti iliyo tofauti. Mtetemo huo ndio unaoivunja faida katika milio myembamba, ambayo mawimbi yake hufuatana kwa haraka kuliko neva zinavyoweza kuyafuata.

Mwaka wa 1948 ulikuwa na baraka ya tatu. Lloyd Jeffress wa Chuo Kikuu cha Texas, akiwa mgeni katika chuo cha Caltech huko Pasadena, alichapisha makala fupi ya kurasa chache, ambamo alithubutu kueleza chombo cha ubongo ambacho hapakuwa na jicho lililokwisha kukiona. (Jeffress huyu ndiye aliyemwonyesha rafiki yake wa utotoni, Linus Pauling, majaribio ya kemia yaliyomtia katika elimu ile iliyompa umaarufu.) Alisema hivi: habari za sikio la kulia na za kushoto huingia ubongoni kwa nyuzi zinazokabiliana, na kati yake zimepangwa seli zisizojibu mpaka zipate habari kutoka pande zote mbili kwa nukta moja. Ni kama matarishi wawili wanaotoka miji miwili kwa njia moja: wakiondoka pamoja hukutana katikati, na mmoja akichelewa hukutana karibu na mji wake aliyechelewa, basi mwenye kujua mahali pa makutano hujua nani alichelewa na kwa kiasi gani. Wakati hugeuzwa kuwa mahali.

Ilikuwa dhana tupu, nayo ilikaa dhana kwa miaka 40. Aliyeithibitisha ni Masakazu Konishi, mzaliwa wa Kyoto, ambaye alihamia Caltech mwaka wa 1975, chuo kile kile, na mnyama aliyemchagua ni bundi mweupe wa maghalani, ndege apatikanaye pia Afrika Mashariki, na ambaye watu wengi wa pwani yetu wakimsikia usiku juu ya paa huhofu msiba. Bundi huyo humkamata panya katika giza totoro kwa masikio peke yake, na neva zake huyafuata mawimbi ya sauti hata kufikia kadiri ya mizunguko 9,000 kwa sekunde, mbali kabisa na uwezo wa binadamu. Catherine Carr, pamoja na Konishi, katika makala za 1988 na 1990, alizionyesha nyuzi zenyewe: za upande mmoja zikiingia kwa juu, za upande wa pili kwa chini, na seli za makutano kati yake, sawasawa na alivyochora Jeffress.

Ingelikuwa rahisi kuikomesha habari hapo, kwa ushindi. Lakini wanyama wanyonyeshao hawakukubali kuwa bundi. Mwaka wa 2001 David McAlpine na wenziwe, wakichunguza ubongo wa simbilisi huko Uingereza, waliona kwamba seli nyingi hujibu kwa nguvu zaidi kwa tofauti za wakati ambazo kichwa cha mnyama huyo hakiwezi hata kuzileta, jambo lisilo na maana katika mpango wa Jeffress. Na mwaka wa 2002 watafiti wa Munich wakaonyesha katika panya wa jangwani kwamba wakati hurekebishwa pia na neva zinazozuia seli kujibu, ambazo habari zake hufika kwa usahihi wa ajabu. Yamkini sisi hatusomi mahali pa seli moja, bali tunalinganisha juhudi ya upande mzima wa ubongo na ya upande wa pili. Mjadala huo haujafungwa, nami naona ni vema kwamba haujafungwa kwa haraka.

Wakati huo huo matabibu hawakungoja. Jaribio la kugeuza mlio wa mizunguko 500 katika sikio moja limetumika kuchunguza shina la ubongo, kwa kuwa mgonjwa anaweza kusikia vema kwa kila sikio pekee, na hata hivyo, ikiwa mahali pa makutano pameharibika, faida ile ya desibeli hupotea. Imeonekana kadhalika kwamba watoto waliokaa muda mrefu na maji nyuma ya kiwambo cha sikio hupungukiwa faida hiyo hata baada ya kutibiwa na usikivu wa kila sikio kurejea, na inaweza kuchukua muda mrefu kabla ya kuipata tena. Ni jambo ambalo kila mzazi na kila mwalimu mwenye darasa lililojaa watoto anapaswa kulijua, maana mtoto wa namna hiyo husikia vema akiitwa chumbani peke yake, na hupotewa na maneno palipo na ghasia, akadhaniwa mtukutu.

Shida iliyo kubwa leo ni ya wale waliozaliwa viziwi au waliopoteza usikivu, wakatiwa vifaa vya umeme ndani ya masikio. Wengi wao huelewa maneno katika chumba kimya. Lakini hata wenye vifaa viwili hupata sehemu ndogo tu ya faida ya masikio mawili, kwani vifaa vingi hutuma mapigo ya umeme kwa mpangilio wake vyenyewe, bila kuufuata mwendo wa wimbi, wala cha kulia hakina saa moja na cha kushoto. Wahandisi wanajaribu sasa kuvifunga vifaa hivyo viwili kwa saa moja, ili zile sehemu za milioni za sekunde alizozitafuta Rayleigh kwa uma zake ziwafikie pia watu hao.